Watu wa Kisigino na Usiku wa Jumanne

Wewe uliyepewa koti jeupe mwezi uliopita, na bado lina mikunjo ya dukani, hebu kaa hapa unisikilize. Simu iweke chini. Nasikia mmeletewa mashine mpya, ina kioo cha kugusa na sauti ya mwanamke inayosema kazi imekamilika. Nimefurahi, kweli. Sisi hatukuwa na mtu wa kutwambia kazi imekamilika. Tulikuwa na Jayantibhai, mkuu wetu wa maabara, na yeye maneno hayo hakuyatamka hata siku moja mpaka anastaafu.

Lakini mashine, mwanangu, haijui kitu. Inajua ulichoipa. Ukiipa upuuzi itakusomea upuuzi huo kwa sauti nzuri. Ndiyo maana nataka nikwambie habari za visigino, kazi iliyonila miaka yangu ya mwisho kabla sijarudi nyumbani Malindi, hapa hapa mjini, kugombana na wajukuu.

Kwanza tuelewane tulikuwa tunatafuta nini. Mtoto mchanga anadungwa kisigino, matone ya damu yake yanadondoshewa kwenye duara zilizochorwa kwenye kadi nene, kadi inakaushwa na kuletwa mjini. Wapo watoto, wachache, wanaozaliwa bila ya tezi ya shingoni, au wanayo lakini ndogo, imekaa pasipo pake. Tezi hiyo ndiyo inayotoa homoni ya kuukuza ubongo. Mtoto akigunduliwa katika wiki mbili hivi za mwanzo na akapewa kidonge kila siku, anakua kama wenzake. Akicheleweshwa miezi, akili iliyopotea hairudi, hata umpe vidonge kwa kikapu. Na ubaya wake ni kuwa kwa macho huoni kitu. Unamwona mtoto mzuri, amenenepa, ametulia, na jirani wanakuja kumsifu.

Kipimo chenyewe ni cha ajabu kidogo, kwa hivyo usione haya kama hukukielewa chuoni. Mie nilikielewa mwaka wa pili wa kukifanya. Tezi haifanyi kazi kwa hiari yake. Ubongo huipelekea amri kwa njia ya damu: toa. Tezi ikitoa ya kutosha, ubongo hunyamaza. Isipotoa, ubongo hupandisha sauti, na ukiona bado kimya, hupandisha tena. Sisi hatuipimi tezi. Tunapima zile kelele za ubongo. Namba ikiwa kubwa, maana yake kuna anayeita na hajibiwi.

Sasa pana mtego. Mtoto yeyote akitoka tumboni, kwenye joto, akaja kwenye baridi ya duniani, ubongo wake hupiga kelele siku ya kwanza hata kama tezi yake ni nzima kabisa. Ukimdunga wakati huo utamkuta mgonjwa. Na wa kitanda cha pili mgonjwa. Wodi nzima wagonjwa. Ndiyo maana husemwa subiri siku mbili kamili zipite. Kwenye vitabu wanaandika hivyo kwa sababu kwenye vitabu mama hukaa wodini siku mbili. Kwetu mama akijifungua alfajiri, adhuhuri anakula nyumbani kwake, na kitanda chake keshalaliwa na mwengine. Kwa hivyo tuliwadunga walipokuwepo, tukawaita mjini kwa mamia ya shida, na wengi tukawaambia poleni, mtoto hana kitu, nendeni.

Mwanamke mmoja wa kijiji cha Bwejuu tulimwita mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa tumemdunga mwanawe mapema. Mara ya pili kisa kilikuwa chengine: mkunga alikuwa akimpaka mtoto kitovu kila siku ile dawa ya kahawia ya vidonda, yenye madini joto, yaani iodini, na madini joto yakizidi kwa mtoto mchanga tezi yake husita kwa muda. Ikaachwa dawa, tezi ikarudi kazini. Lakini yule mama hakurudi kwao na maelezo ya madini joto. Alirudi na hadithi ya watu wa mjini wanaokula nauli za watu kwa ajili ya kisigino. Tangu siku hiyo Bwejuu jina letu likawa Watu wa Kisigino. Ukipita watoto wanakuficha miguu.

Usidhani nawacheka wao. Mie mwenyewe nilikuwa wa kuchekwa. Kadi yangu ya kwanza niliyodondosha mwenyewe, Jayantibhai aliichukua akaenda nayo dirishani. Alikuwa mtu mwembamba, kazaliwa nyumba ya pili nyuma ya soko la Darajani, babu yake alikuwa muuza vitambaa, na ile tabia ya kupeleka kila kitu dirishani akikague kwa mwanga nadhani aliirithi dukani.

“Bi Rukia,” akasema, “nilikuomba tone. Umenipikia chapati.”

Nilikuwa nimedondosha tone, nikaona duara halikujaa, nikaongeza jengine juu, na jengine, tabaka kwa tabaka. Nikadhani nimefanya hisani. Siku ya pili nikajirekebisha kwa kukikamua kisigino kama ndimu ya kachumbari, nikapata damu ya kutosha, duara limejaa vizuri. Akaenda nayo dirishani tena. Hii, akasema, nusu yake si damu, ni maji ya mwilini. Akanieleza, na nakueleza wewe hivyo hivyo: tone juu ya tone huikuza namba, na kukamua huipunguza. Kosa la kwanza linamsumbua mama bure. Kosa la pili linamwachia mgonjwa aende zake nyumbani, na hakuna atakayekwambia, maana namba imekuja nzuri. Likumbuke hilo la pili. Kosa linalopiga kelele si baya kama kosa linalokaa kimya.

Basi wewe kipashe kisigino joto kwanza kwa kitambaa cha uvuguvugu, kishushe chini ya kiwango cha moyo, pangusa, ngoja ile spiriti ikauke, dunga pembeni ya kisigino na si katikati, tone la mwanzo lipanguse, halafu subiri. Tone litakuja lenyewe. Kazi hii nusu yake ni kusubiri, na watu wa maabara hatupendi kusubiri, tunapenda kuonekana tunashughulika.

Kukausha nako kulituvua nguo. Kadi inataka kivuli na upepo, saa tatu nne, bila ya jua wala moto. Masika ya mwaka mmoja hewa ilikuwa maji matupu, kadi zikawa hazikauki, na kituo kimoja cha shamba wakatuletea kadi zinazonukia ubani, nesi kazikausha juu ya chetezo pamoja na nguo za mzazi. Zilinukia kama bi harusi na hazikufaa kitu. Mie nikajiona mjanja kuliko wao. Nikaenda Darajani nikapata vile vikapu vya ukindu vinavyowekewa halua, vina matundu, vinapitisha hewa. Nikazipanga kadi ndani, zimesimama, nikaenda nyumbani nimejaa fahari. Nilipokuja asubuhi sisimizi walikuwa kazini kabla yangu. Walimaliza mabaki ya halua kisha wakaendelea na pembezoni mwa duara.

Jayantibhai akakiinua kikapu akakitazama muda mrefu, halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina majibu ya tezi za hao sisimizi.

Kikapu tulikiosha, na kwa vile hakuna ofisi ya serikali inayotupa kitu, kikapata kazi nyengine. Tukakifanya cha kadi za “mapema”. Kadi ikija na namba kubwa tulitazama kwanza mtoto alidungwa akiwa na saa ngapi. Ikiwa hajatimiza siku mbili, kadi inatiwa kikapuni, na mama anasubiriwa aje mwenyewe siku ya chanjo ya wiki ya sita, adungwe tena. Utaratibu huo niliubuni mie. Ulipunguza kuwaita watu bure, ulipunguza lawama, na ulisifiwa kwenye ripoti. Nataka ulikumbuke hili unapousikiliza mkasa wenyewe: ulisifiwa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Jayantibhai alibakisha mwezi mmoja astaafu, na kama wazee wengi wanaokaribia kuondoka alikuwa amezidi kuwa mkorofi. Akaja mezani kwangu, akakichukua kikapu, akakipindua juu ya meza.

“Piga simu,” akasema. “Moja moja.”

Nikamwambia hizi ni za mapema, tunajua kwa nini ziko juu. Akasema anajua kuwa tunajua, ndilo linalomtisha. Nikapiga simu huku nimevimba kama andazi. Namba tatu za mwanzo hazipatikani. Ya nne ilikuwa ya mtoto wa Bwejuu, mama yake anaitwa Mwanajuma, kajifungulia nyumbani kisha akaletwa kituo cha afya. Kadi inasema: kuzaliwa Jumanne saa mbili usiku, kudungwa Alhamisi saa nne asubuhi. Siku moja na saa kumi na nne. Mapema, bila ya shaka. Namba yake ilikuwa kubwa kuliko zote kikapuni, na hilo nililiona siku ile namba ilipotoka, nikasema, basi huyu mwili wake umechelewa tu kutulia kuliko wenzake. Ukiwa na maelezo tayari, mwanangu, kila kitu kinaingia.

Simu ikapokelewa na bibi yake mtoto, Bi Mize, mamake Mwanajuma. Nikamwamkia.

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mie Rukia, wa maabara ya mjini.”

“Watu wa Kisigino.”

“Ndio sisi, Bi Mize.”

“Na safari hii mmekosea wapi?”

Nikamwambia hatujakosea popote, tunauliza hali tu. Akanijibu kwa urefu, kwa kunikomoa nadhani. Mtoto hajambo, mtulivu, halii, analala mpaka inabidi aamshwe, mtoto kama huyo hajamlea tangu aanze kulea. Nikauliza kazaliwa lini. Usiku wa Jumanne, saa mbili, Isha ishaswaliwa. Nikatazama kadi, sawasawa na kadi. Nilikuwa nshafungua mdomo kumuaga, lakini yeye alikuwa hajamaliza. Akanambia mchana uliotangulia Mwanajuma alikuwa naye baharini kwenye mwani, tumbo hilo, akarudi na uchungu, na walipokuja wanunuzi wa mwani, ambao huja Jumanne asubuhi, wakamkuta mtoto keshaoshwa na kufungwa, wakamtunza pesa.

Nikamwambia wanunuzi hao basi walikuja Jumanne ya pili.

“Ya pili ipi? Jumanne ile ile.”

“Bi Mize, si kazaliwa Jumanne usiku?”

“Usiku wa Jumanne,” akasema, pole pole, kama anavyosema mtu na mtoto wa chekechea. “Usiku ndio unaotangulia, mwanangu. Kisha ndio mchana wake. Kwani wewe umezaliwa wapi?”

Nimezaliwa Malindi. Nyumbani kwetu siku imeanza magharibi tangu nipate akili. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi ikishakuchwa, ndio tuliosomea Yasini kila wiki, na mie mwenyewe nikiwaalika watu hitima kwa hesabu hiyo hakuna anayekuja siku siyo. Lakini nikishavaa koti jeupe siku ilikuwa inaanza saa sita ya usiku, kama ilivyo kwenye kalenda ya ukutani. Nilikuwa na vichwa viwili na sikuwahi kuvikutanisha. Na yule nesi wa kituo hakukosa lolote. Kijana mwaminifu, aliandika alichoambiwa, kwa sababu mie ndiye niliyekwenda na semina nikawafundisha: andikeni anachosema mama, msijitie ujuaji.

Nikahesabu kwa vidole. Jumatatu saa mbili usiku mpaka Alhamisi saa nne asubuhi. Siku mbili na saa kumi na nne. Si mapema. Hata kidogo si mapema. Ubongo wa mtoto yule ulikuwa unaita tezi, na mie nimeutia kwenye kikapu cha halua.

Jayantibhai alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu mtoto ana siku ngapi leo. Nikamwambia kumi na moja. Jumatatu, nikifungua ofisi, angekuwa na kumi na nne. Wiki ya sita, kwa utaratibu wangu uliosifiwa, hesabu mwenyewe.

Gari la ofisi halikuwepo. Lilikuwa limewapeleka wakubwa kwenye warsha ya siku tatu kuhusu ufuatiliaji wa haraka wa wagonjwa. Nakuapia sitii chumvi. Jayantibhai akatoa kigari chake mwenyewe, ambacho mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba, tukapitia kwa daktari wa watoto. Daktari akaitazama namba, akatupa vidonge na maelekezo ya maandishi: mchukueni damu ya mshipa ya kuhakikishia, na dawa ianze pale pale, majibu yatakuja yakiikuta. Atawaona Jumatatu, lakini dawa isiisubiri Jumatatu.

Tukafika msitu wa Jozani, tukapunguza mwendo kwenye matuta. Kima punju, wale kima wekundu adimu wa Jozani, wamewekewa matuta ya barabarani na vibao vyenye picha zao asije mmoja akagongwa, na ni vizuri, wanapendeza. Nikawa nafikiri huyu mnyama anahesabiwa mmoja mmoja na kuandikiwa vitabu, na kadi ya mtoto wa watu ilikaa kwenye kikapu changu na hakuna tuta lililonipunguza mwendo. Nikasema hivyo kwa sauti. Jayantibhai akasema dereva hatakiwi kusemeshwa.

Wakati tunakwenda, nikwambie na habari ya samaki, maana ilinikereketa njiani kama mwiba. Siku ya kuzindua mradi wetu, mgeni rasmi alikata utepe akasema watu wa visiwani hawana haja ya hofu na ugonjwa wa tezi, kwani tunakula samaki kila siku na pwani yetu imejaa mwani. Ukumbi ukapiga makofi. Na mie nilipiga, niliyekuwa najua. Samaki na mwani wana madini joto, na tezi inayataka, hiyo kweli. Lakini tezi isiyokuwepo huilishi. Ni kupeleka kuni kwenye nyumba isiyo na jiko. Mwanajuma alikaa baharini kwenye mwani mpaka mimba ya miezi tisa, na bado. Ukimsikia mkubwa anasema maneno kama yale, si lazima usimame umpinge, una watoto wa kulisha. Lakini angalau mikono yako iache magotini.

Tulipofika Bwejuu, Jayantibhai akabaki nje barazani, maana chumba cha mzazi haingii mwanamme wa kupita. Nikaingia peke yangu. Mwanajuma amekaa kitandani, ana wiki moja na nusu ndani ya arobaini yake, mtoto amelala ubavuni. Bi Mize amekaa kwenye mkeka baina yangu na kitanda. Jirani wawili walikuja kutazama, na mmoja wao alikuwa yule yule tuliyemwita mjini mara mbili. Akaitazama miguu yangu na mkoba wangu, akatabasamu. Alikuwa na haki yake.

Bi Mize akasema mtoto hatoki nje kabla ya arobaini, na wala hapewi dawa mtoto mzima, mtoto asiye na kelele, mtoto ambaye kila anayekuja anasema hajawahi kumwona mtulivu kama huyu. Nyinyi, akasema, mtoto akilia mnasema mgonjwa, akinyamaza mnasema mgonjwa, sasa afanye nini ili mumwache?

Chumba kizima kikacheka, na mie nikacheka, kwa sababu alisema kweli.

Halafu nikakaa chini mkekani. Sikuanza na tezi. Nilianza na makosa. Nikamwambia yule jirani pale alipokuwa kuwa tulimwita mara ya kwanza kwa sababu tulimdunga mwanawe mapema, na mara ya pili kwa ajili ya dawa ya kahawia, na hakuna aliyekaa naye akamweleza, na hilo halikuwa kosa lake. Nikamwambia Bi Mize kuwa hata huyu wake tulimkosea. Damu yake ilituonyesha jambo tangu siku kadhaa nyuma, na mie kwa kutojua kuhesabu usiku nikamweka kando. Wewe umenihesabia leo kwa simu, nikamwambia, ndiyo maana nimekuja.

“Na akiwa hana kitu?” akauliza.

“Basi nitakuja mwenyewe nikwambie nimekosea tena, unicheke mbele ya Bwejuu nzima. Kidonge cha siku chache daktari anasema hakitamdhuru. Lakini akiwa nao ugonjwa na tukasubiri arobaini, Bi Mize, sitakuwa na la kuja kukwambia.”

Hapo hakuna aliyecheka. Bi Mize akawa anaukunja upindo wa mkeka. Aliyesema ni Mwanajuma, na alikuwa hajasema neno tangu niingie.

“Mama, mwache amdunge.”

“Wewe nyamaza, mzazi hasemi sana.”

“Hanyonyi, mama. Nnamtia maji ya baridi usoni ndio ameze mara mbili, kisha analala. Macho bado ya manjano. Siku ya tatu leo hajapata choo. Kila anayeingia hapa ananambia nina bahati, na mie nnaona haya kusema kuwa naogopa.”

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimesoma karatasi nyingi, na dalili zote za ugonjwa ule sijawahi kuzisikia zimepangwa vizuri kama zilivyopangwa na binti yule mkulima wa mwani. Alizijua zote. Hakuulizwa.

Bi Mize akauachia upindo wa mkeka. Kisha akainuka, akamchukua mtoto, akakaa naye karibu na mlango penye mwanga. Akasema sawa, lakini niandike mbele yake, nikiwa chini ya macho yake. Nikachukua damu. Mtoto alikunja uso tu, hakulia, na safari hii hakuna aliyemsifu. Nikaandika kwenye karatasi, Bi Mize akinisomea kama mwalimu wa imla: “Andika Ijumaa. Andika alasiri. Andika jua bado halijazama, asije mwenzio mjini akaipeleka Jumamosi.”

Nikaandika vyote. Kwa mara ya kwanza katika mradi ule, karatasi yetu ilikuwa haina shaka.

Kidonge tukakisaga kwenye kijiko, tukakitia maziwa kidogo ya mama yake, akapewa taratibu ndani ya shavu. Kilipokwisha Bi Mize akauliza ndio hivyo tu? Nikamwambia ndio hivyo tu, kila siku, wakati ule ule, na pengine maisha yake yote. Akasema ameshazoea mambo ya kila siku, ana waume wawili aliowauguza mpaka akawazika.

Majibu yalikuja, na picha ya shingo aliyopigwa kwa daktari ikamaliza shaka: tezi haikuwepo kabisa. Nilirudi Bwejuu kuwaambia, na kuwaambia vilevile kuwa damu ya pili inaonyesha dawa imeshaanza kufanya kazi, kelele za ubongo zimeshuka. Hakukuwa na haja, nilizisikia kelele za mtoto mwenyewe tangu barazani. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ya kuvunja bati, na Mwanajuma amekaa kitandani anacheka huku machozi yanamtoka.

Sasa yuko skuli. Nilipokwenda mara ya mwisho mwalimu wake alikuwa kamleta nyumbani kushtaki kwamba hanyamazi darasani na anawajibia wenzake maswali. Bi Mize akanigeukia mie. “Nirudishieni yule mtulivu,” akasema. Kisha akampa kidonge chake, maana saa ilikuwa imefika.

Kikapu nilikichoma moto. Nikapendekeza fomu iongezwe mstari mmoja, wa kuuliza kama jua lilikuwa limezama. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikasema swali hilo si la kitaalamu. Nadhani bado inakaa. Kwa hivyo msiingojee fomu, wala mashine yenu yenye sauti nzuri, maana haikuzaliwa hapa.

Kabla hujaiandika tarehe ya kuzaliwa, muulize mama: mtoto alitoka jua lipo au limezama? Ikiwa limezama, muulize kama saa sita ya usiku ilikuwa imepita. Kama haijapita, andika tarehe ya mchana uliotangulia; kama imepita, andika ya mchana uliofuata. Halafu msomee ulichoandika, na usishike sindano mpaka aseme ndivyo.